Barua kwa mwanangu: namna ya kuuhukumu mkusanyiko mdogo wa mavazi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unasema umeombwa kukaa meza ya majaji siku wanafunzi wa mitindo watakapoonyesha kazi zao za mwisho, mavazi matano kila mmoja, na kwamba ili ujizoeze umeanza kutazama misimu ya zamani ya Project Runway ya Marekani, yale mashindano ya wabunifu wa mavazi kwenye televisheni. Umeniuliza mambo mawili: kwa nini mwaka 2010 ushindi ulikwenda kwa Gretchen Jones badala ya Mondo Guerra, na jaji aseme nini zaidi ya "nzuri" au "haijanivutia". Naanza na la pili, maana la kwanza linajibika humo humo.

Mkusanyiko si nguo kumi nzuri zilizopangwa foleni. Mtu anaweza kushona nguo kumi, kila moja ya kupigiwa makofi, na bado asiwe na mkusanyiko. Unachohukumu ni uamuzi: kwa nini hizi na si nyingine, kwa nini zinafuatana hivi, na kila moja inaifanyia nini jirani yake. Ushonaji unakuja baada ya hapo. Ukianza na ushonaji utamaliza muda wako wote kwenye mapindo, na mwanafunzi ataondoka bila kujua kama wazo lake lilisimama.

Kwa hiyo tazama mara tatu. Mara ya kwanza zima sauti. Muziki na maneno ya majaji vinakuamulia kabla jicho halijafanya kazi, na wahariri wa kipindi wanalijua hilo vizuri. Chukua karatasi, kila vazi lipe mstari mmoja: umbo lake (limebana juu na kupanuka chini, limenyooka, limebana kote), urefu, kitambaa kikuu, rangi. Usiandike sifa wala kasoro. Ukimaliza, soma karatasi peke yake bila picha. Mavazi kumi yakiwa na maumbo kumi tofauti, mbunifu ameonyesha anachoweza kushona, hajaonyesha anachotaka kusema. Yakiwa na umbo moja tu, kadurufu nguo moja kwa rangi mbalimbali. Mkusanyiko wa kumi hukaa vizuri na maumbo matatu au manne yanayorudi kwa sura mpya, pamoja na vazi moja linalokwenda kinyume ili macho yaamke. Kwa wanafunzi wako wenye mavazi matano, maumbo mawili yanatosha, na vitambaa vitatu: kimoja kikuu, kimoja cha kukisaidia, kimoja cha kushtua.

Kisha fanya jaribio la kufuta. Weka kidole juu ya mstari mmoja uone kama mkusanyiko umepungukiwa. Usipopungukiwa, vazi hilo lilikuwa la kujaza nafasi, na hilo ni jambo la kumwambia mwenyewe waziwazi. Jaribio jingine ni kubadilisha: blauzi ya vazi la pili ivalishwe na suruali ya vazi la nne. Zikikubaliana, mbunifu alifikiria kabati la mtu. Zikikataa zote, alifikiria picha tu.

Mifano mizuri ya wazo moja lililotembea iko mwaka 2008. Leanne Marshall, aliyeshinda msimu wa 5, alichukua tabaka za kitambaa zilizopishana kama mawimbi akazihamisha kutoka vazi hadi vazi, mahali pengine kubwa, mahali pengine zikiwa ukingo mdogo tu, kwa rangi za maziwa na samawati ya bahari. Ukitazama hutaki kuuliza anasema nini. Christian Siriano, mshindi wa msimu wa 4, alikwenda njia nyingine: karibu weusi mtupu, lakini mara nyingi palipojaa marinda na kola ndefu juu, chini aliweka suruali nyembamba ya kubana. Ujazo mmoja, wembamba mmoja. Angejaza juu na chini, wanamitindo wangepotea ndani ya nguo. Nakuonya hapo hapo kwamba weusi kwenye televisheni unaficha: mishono haionekani, mikunjo haionekani. Nguo nyeusi isifiwe ushonaji na aliyeishika tu.

Mara ya pili ndiyo ya kusimamisha picha. Usisimamishe mwanamitindo anapofika mbele na kupozi, pale kila nguo ni nzuri. Simamisha anapogeuka. Ukigeuka, zipu ya mgongo inaonekana, pindo linafunguka, na bitana fupi inajitokeza. Tazama pia mikono yake: gauni lisilo na mabega likianza kuteremka, mkono unakwenda kwapani kulivuta. Wengi hudhani limepwaya kifuani. Mara nyingi sababu iko kiunoni. Gauni la namna hiyo halining'inii kifuani, linakaa kiunoni, kwa utepe mgumu ulioshonwa ndani na kufungwa peke yake kabla ya zipu. Bila utepe huo, hata uweke vijiti vingapi vya kukazia, uzito wa sketi utalivuta chini.

Mikunjo nayo ina lugha yake. Ya mlalo kwenye nyonga inasema nguo inabana. Ya wima inasema inapwaya. Inayotoka kwapani kwa mshazari kuelekea ncha ya titi inasema kifua hakikupewa nafasi, na dawa yake ni kuongeza pensi (ule mkunjo wa kushonwa unaolipa titi nafasi) au kuipanua, si kulegeza mshono wa ubavuni. Inayozunguka mwili, mshono wa ubavuni ukijikuta mbele ya paja, inasema kipande kilikatwa nje ya mtande, yaani hakikufuata nyuzi za urefu wa kitambaa. Hii haina dawa baada ya mkasi kupita. Zipu yenye mawimbi ina maana kitambaa kilivutwa wakati wa kushona au hakikukaziwa kwa nyuma. Kwenye kitambaa kinachonyumbuka au kilichokatwa mshazari, yaani kwa kukingamisha nyuzi zake, hilo hutokea hata kwa fundi mzuri mwenye haraka.

Pindo la sketi ya duara kamili nataka ulielewe kwa hesabu, maana wanafunzi wanaliharibu kila mwaka. Ukilipinda kwa sentimita 4, ukingo uliokunjiwa ndani ni mrefu kuliko mahali unapokwenda kushonewa kwa karibu sentimita 50. Hizo 50 zitakwenda wapi? Zitajikunyata, na pindo lote litaonekana limetafunwa. Ukipinda nusu sentimita, ziada inashuka hadi sentimita 6 hivi, na pasi inaimaliza. Kwa hiyo ukiona sketi ya duara yenye pindo pana lililokunjamana, usiseme "pindo baya". Sema ni pana mno kwa duara lile, lipunguzwe au liwekewe utepe uliokatwa mshazari.

Kasoro ya nguo iliyokatwa mshazari ni tofauti. Pindo linaning'inia kwa vilima, hapa refu, pale fupi. Nguo ya mshazari inatakiwa itundikwe siku nzima, walau saa 24, ijivute yenyewe, ndipo pindo lipimwe kutoka sakafuni na kukatwa. Kwenye mashindano ya kila wiki mbunifu mara nyingi ana siku moja au mbili tu, hawezi kungoja. Hapo jaji wa haki anauliza kwa nini alichagua kukata mshazari akijua saa hazitoshi. Kosa ni la kupanga, mkono wake hauna lawama. Kwenye fainali mambo yanabadilika. Misimu ya mwanzo walipewa dola 8,000 kwa mavazi 12, ambayo ni dola 666 hivi kwa vazi, na wiki nyingi za kushonea nyumbani. Aliyekuwa na wiki nyingi akaleta pindo la vilima hana pa kujitetea.

Wanafunzi wako watatumia kitenge, sina shaka. Basi angalia maua. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, na maua makubwa hurudi baada ya umbali fulani. Yakirudi kila sentimita 40, kila kipande unachotaka kioane na jirani yake kinaweza kula sentimita 40 za ziada. Mwanafunzi aliyenunua pisi moja ya yadi 6 kwa mavazi mawili amekwisha kujibana kabla ya kukata. Simama mita moja kutoka kwenye nguo utazame mahali pawili: mshono wa katikati ya mgongo, na makalio. Duara kubwa likikatwa nusu na zipu halafu nusu nyingine ikapanda juu sentimita 2, jicho la kila mtu ukumbini litakwenda hapo hata kama hajui kwa nini. Na ua kubwa likikaa katikati ya tako moja, ukumbi utacheka. Mwanafunzi mwangalifu huweka ua bila kulikata mgongoni, akahamishia zipu ubavuni. Ukimwona aliyefanya hivyo msifu kwa sauti, maana wasioshona hawataliona.

Mara ya tatu tazama mpangilio peke yake. Vazi la kwanza linatoa ahadi, la mwisho linailipa. Wengi hurundika magauni marefu matatu mwishoni, na matokeo yake yanauana. Tim Gunn, aliyekuwa mshauri wa washindani na, hadi 2007, mkuu wa idara ya mitindo katika chuo cha Parsons, New York, alisifika kwa kuwasukuma wapunguze na kuchuja, na katika mavazi kumi kupunguza ni kazi ngumu kuliko kuongeza. Viatu, mikufu na nywele vipime mwisho kabisa. Kama vazi linasimama kwa sababu ya mkufu, livue mkufu kwa mawazo ulitazame upya.

Kumbuka pia kipindi kinakuficha nini. Majaji huzishika nguo kwa karibu, wakaona bitana na mshono wa ndani. Wewe unaona sekunde chache kwa vazi. Halafu, kwa kuwa katika misimu ile maonyesho ya New York yalifika wakati msimu bado haujamalizika kurushwa, washindani waliokwisha kutolewa nao walipewa nafasi ya kuonyesha mikusanyiko yao, ili ukumbi usijue nani aliingia fainali. Kwa hiyo makofi ya ukumbini si ushahidi wa kitu.

Sasa Gretchen na Mondo. Majaji wenyewe waligawanyika: Heidi Klum, mtangazaji wa kipindi, na mgeni wao Jessica Simpson walimtaka Mondo, mbunifu Michael Kors na mhariri wa jarida Nina Garcia wakamtaka Gretchen, wakabishana kweli. Weka karatasi zako mbili sambamba. Mondo ana rangi kali, madoa makubwa, mambo aliyoyachota kwenye asili yake ya Meksiko, na mkono unaojua kuchanganya chapa zisizopatana. Ni vigumu kumwiga. Gretchen ana rangi za udongo na kutu, nguo za kulegea, vipande ambavyo mtu anaweza kuvitenganisha akavaa na vya kwake. Kwenye jaribio la kubadilisha, Gretchen anapita kwa urahisi. Kwenye jaribio la kufuta, Mondo anapita: toa vazi moja na utalikumbuka, wakati kwa Gretchen unaweza kutoa mawili asijue mtu. Waliompa Gretchen walitazama mitindo inaelekea wapi msimu ule, na mhariri wa jarida na mbunifu mwenye maduka hawawezi kuacha kutazama hivyo. Mimi ningempa Mondo. Mwenye sauti unaweza kumfundisha kuuza, lakini anayejua kuuza bila sauti yake mwenyewe ni vigumu kumfundisha lolote. Hata hivyo uamuzi wao si upuuzi, na Mondo alishinda baadaye msimu wa kwanza wa Project Runway All Stars, mashindano ya washindani wa zamani, mwaka 2012.

Kwa hiyo kabla hujakaa mezani waulize waandaaji alama zinatolewa kwa nini: ubunifu, ushonaji au uwezekano wa kuuzika, na kwa uzito gani. Wasipokuwa na jibu kubalianeni majaji wote kabla ya vazi la kwanza kupita, vinginevyo mtagombana kama wale wanne mbele ya watoto wa watu.

Unapozungumza, taja vazi, mahali, sababu, na cha kufanya. "Vazi la tatu, kiuno kimepanda sentimita 2 juu ya kiuno cha mwanamitindo, ndiyo maana tumbo limevuta, kishushwe." Hilo analipeleka mezani kwake kesho. "Halijakaa vizuri" hawezi kulifanyia lolote. Kuhusu rangi usiyoipenda, nyamaza, labda kama inagombana na rangi nyingine ndani ya mkusanyiko huo huo. Kila mwanafunzi mpe mambo matatu tu, moja la wazo na mawili ya mkono. Zaidi ya hapo, kwa woga walio nao siku ile, hawasikii.

Nenda na futi kamba ya mkoba na kalamu ya risasi, na uombe uzione nguo kwenye hanga kabla ya onyesho, ukizigeuza ndani nje. Ukishapata orodha ya washiriki na masharti yao, nipigie tuyapitie pamoja.

Mama yako