Dada wa Newala, kulalamika nako ni kusali

Dada aliuliza juzi: mume amezikwa Julai, mikorosho imepigwa na ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga), deni la dawa ya kupulizia liko palepale, na kila akipiga magoti maneno hayatoki. Wenzake wa jumuiya wanamwambia imani yake haba. Aanzie wapi? Nitajibu kwa urefu, maana majibu mengi aliyopewa ni ya "amini tu, dada", na mtu aliyefika hapo neno hilo linamwongezea mzigo.

Hilo la imani haba liweke pembeni kabisa. Zaburi ziko 150, na za maombolezo ni nyingi kuliko aina nyingine yoyote. Watawa wa abasia ya Ndanda, yaani monasteri ya Wabenediktini, wanaziimba kila siku, na kwenye sala za asubuhi na jioni za Waanglikana wa Masasi zimo pia. Tunapenda kusema "saburi ya Ayubu", na majirani zetu Waislamu nao humtaja kwa subira hiyohiyo. Lakini fungua Ayubu sura ya 3: mtu huyo anailaani siku aliyozaliwa. Na mwishoni, 42:7, Mungu anawakasirikia rafiki zake waliokuwa na majibu safi, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Kwa hiyo saburi yenyewe ilikuwa na kelele ndani yake.

Sasa namna ya kufanya. Anza na Zaburi ya 13, ina mistari sita tu. Isome kwa sauti, siyo kwa macho, asubuhi kabla hujatoka, na usibadilishe zaburi kwa siku tatu. Mstari wa 1 na wa 2 vinauliza "hata lini" mara nne. Mara nne! Wala hakuna anayemnyamazisha. Ukifika penye "adui", taja jina la adui wako: deni, ubwiriunga, kitanda kilichobaki na mtu mmoja. Mstari wa 3 na wa 4 ni ombi, na ni ombi dogo: niangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Mistari miwili ya mwisho ndiyo ya tumaini.

Chukua daftari la kawaida, andika mafungu matatu kwa mpangilio huohuo: linaloniuma, ninaloomba leo, kilichobaki. Ombi liwe la leo. "Nipate kulala" ni ombi zuri kuliko "nibadilishie maisha". Fungu la tatu likikosa cha kuandikwa, liache wazi, usijilazimishe. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina mstari wa tumaini mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia. Watu wengi wanakwama hapa: wanaandika shukrani ambazo hawanazo, baada ya wiki wanaona sala ni uongo, wanaacha.

Baada ya siku tatu nenda ya 42, kisha ya 130. Usiku usingizi ukikataa, soma ya 77. Mstari wa 4 unamwambia Mungu waziwazi kwamba yeye ndiye aliyeyashika macho yasifumbe. Siku ambayo hata kusoma huwezi, keti kimya dakika tano na umalize na Baba Yetu. Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo kunyamaza kwako hakujapotea.

Yapo mambo yanayoharibu faraja badala ya kuijenga. Moja ni kufungua Biblia popote na kuweka kidole, kama mtu anayepiga ramli. Jingine ni mstari uliokatwa shina: Yeremia 29:11, lile la mawazo ya amani na tumaini, wanakuandikia kwenye kadi bila mstari wa 10, unaosema miaka sabini. Maneno hayo yamo kwenye barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliohamishiwa Babeli, nao waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Ilikuwa barua ya kukaa muda mrefu mahali pagumu, siyo ya kesho asubuhi.

La tatu nitalisema bila kupepesa. Atakuja mhubiri akuambie upande mbegu ya fedha ili deni liondoke. Usikope kutoa sadaka. Wanapenda kumtaja mjane wa senti mbili, Marko 12:42, lakini mstari wa 40, punde kabla yake, Yesu anawakemea wanaokula nyumba za wajane. Visomwe pamoja.

Mwili nao usisahaulike. Eliya alipoomba afe, 1 Wafalme 19, hakupewa mahubiri. Malaika alimwamsha ale mkate na anywe maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, baada ya safari ya siku arobaini. Kwa hiyo uji asubuhi, hata kikombe kimoja, na usikae na njaa kwa jina la kufunga wakati huu. Wiki mbili zikipita huli wala hulali, au wazo la kujiua likikujia hata mara moja, mwambie mtu leo hii na uende zahanati, watakupa rufaa. Ndanda abasia na hospitali ni majirani. Kwenda kwa daktari hakupunguzi sala.

Kwa wanajumuiya wanaosoma hapa: rafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba, walipokaa chini naye bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Huko uwandani maji ni shida, basi ndoo mbili za maji mlangoni zinasema kuliko mistari kumi. Msiulize "unahitaji nini?", mfiwa hajui. Palilieni. Na rambirambi huisha mapema. Watu hutawanyika baada ya arobaini, kwa hiyo jiandikieni kwenda mwezi wa tatu na wa nne baada ya msiba, hapo ndipo nyumba inapokuwa kimya kweli.

Kuhusu deni, dada, usiuze kangomba, yaani kwa mnunuzi wa pembeni nje ya ushirika kwa bei ya chini, korosho ambazo bado ziko mtini. Najua mnunuzi anakuja na fedha mkononi, na siku ya huzuni fedha hiyo inafanana na jibu la sala. Nenda kwa katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, pamoja na mtu mmoja wa kanisa unayemwamini, deni liandikwe ni kiasi gani na litakatwa vipi kwenye malipo. Yeremia, Yerusalemu ikiwa imezingirwa, alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, hati akaiweka kwenye chombo cha udongo ikae siku nyingi. Alikuwa kifungoni wakati huo. Karatasi yako ya AMCOS iweke ndani ya lile daftari, ukurasa wa fungu la tatu.

Anza kesho na ile ya 13. Ukikwama mstari wowote, rudi hapa uuandike namba yake.