Picha za S-21 sio za kuweka popote tu
Ndugu yangu unaposema picha ni picha tu ziwekwe popote, mimi nakataa kabisa. Chukua zile za Tuol Sleng, ndo hiyo S-21, iko Phnom Penh, Kambodia, ilikuwa shule, Khmer Rouge (wale wakomunisti waliotawala Kambodia 1975 hadi 1979) wakaigeuza jela, mtu akifika anapigwa picha na namba kifuani halafu karibu wote wakauawa, yani mwenye kamera ndo alikuwa upande wa wauaji! Kuna dogo hana shati, namba imebanwa kwa pini kwenye ngozi. Zikiwekwa pale pale jela, ambayo sasa ni makumbusho, sawa, ndugu wa waliouawa wanaenda kuwatafuta sura kwa sura. Ila 2021 kuna jamaa alizipaka rangi akawawekea na tabasamu, jamani mtu anasubiri kufa unamchekesha?? Mpaka serikali ya Kambodia ikadai ziondolewe.