Mguu Usiouma: Maswali Yenu Kuhusu Vidonda na Kisukari

Barua za mwezi huu nyingi zimehusu miguu, nami nimefurahi, maana ndiyo kazi ninayoifanya kila asubuhi: kusafisha na kufunga vidonda vya wenye sukari. Nimechagua sita.

Mimi mkulima wa mwani, Jambiani, nina sukari mwaka wa saba. Juzi maji yalipokupwa nilikatwa na kombe, gamba la baharini, chini ya dole gumba. Pamekatika kidogo tu na wala hapaumi. Nimeosha kwa maji ya bahari. Naweza kurudi shambani bamvua hili, siku hizi maji yanapokupwa sana?

Dada yangu, kilichonishtua katika barua yako si kombe, ni hilo neno "hapaumi". Kombe hukata kama wembe, na mtu asiye na ganzi angeruka. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, inayofika vidoleni. Mishipa ya damu nayo husinyaa, kwa hiyo kidonda hukosa chakula chake na kinga ya mwili haifiki kwa nguvu.

Mzee mmoja alivua kubadhi mbele yangu, ndani mna kijiwe kama punje ya kunde. Alikuwa amekikanyaga tangu alfajiri, akaenda nacho sokoni na kurudi. Kwenye wayo palikuwa na shimo ambalo kijiwe kile kingeingia sawasawa. Akatazama chini, akaniuliza, "Damu hii ya nani?"

Basi fanya hivi. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni ya kawaida. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, usisugue. Weka gozi (shashi) safi, funga bendeji isiyobana, ubadilishe kila siku na kila inapolowana. Usiloweke mguu kwenye beseni. Spiriti usitie, inaunguza nyama mpya inayoota. Kisha nenda kituo cha afya leo au kesho wakuangalie kama kipande cha kombe kimebaki ndani, na uwaulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Shambani usirudi mpaka ngozi ifunge kabisa. Najua sote tumekua tukiambiwa maji ya chumvi ni dawa, lakini bahari ya joto kama yetu ina bakteria wanaoingia kwenye kidonda wakakishambulia vibaya, hasa kwa mwenye sukari. Na kule unasimama saa nyingi kwa uzito wako wote juu ya hilohilo dole. Najua pia kwamba bamvua likipita bila kuvuna ni pesa imepotea. Bamvua hurudi baada ya wiki mbili. Ukirudi, vaa viatu vya raba vilivyofunika vidole, uvikung'ute mchanga kabla ya kuvaa.

Nitajuaje kama miguu yangu ina ganzi? Kliniki yetu hawajawahi kunipima.

Waombe wakupime, ni haki yako angalau mara moja kwa mwaka. Wana uzi maalumu wa plastiki wanaougusisha kwenye wayo. Nyumbani, fumba macho, umwambie mwanao akuguse kwa ncha ya kidole chake, polepole, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kupapasa: dole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho, miguu yote miwili. Hivyo ni vidole sita. Kila ukisikia, sema. Usipovisikia viwili au zaidi, ichukulie miguu yako kuwa ina ganzi, na uende ukawaeleze.

Kipimo hicho hakiondoi kazi ya kila siku, nayo ni kutazama. Kila usiku, chini ya taa, juu, chini na katikati ya vidole. Usipoweza kuinama weka kioo sakafuni, au mjukuu akutazamie. Watoto wana macho makali na kazi hii huipenda.

Mume wangu ameamka kidole kimeliwa pembeni, shuka ina damu, naye hakusikia kitu. Jirani anasema ni mambo ya watu. Ni nini?

Ni panya, mama. Wazee walisema panya huuma na kupuliza, na kwa mguu wenye ganzi hata kupuliza hakuhitajiki. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika mwaka 2005 katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Msione aibu, na msipoteze siku kutafuta mbaya wenu.

Osheni kwa maji mengi na sabuni, halafu hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda akahitaji dawa za kuua vijidudu na sindano ya pepopunda. Usiku aoshe miguu isinuke chakula, aikaushe, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Chakula kisilale chumbani.

Mtoto wa dada yangu anaolewa Wete. Naruhusiwa hina na piko miguuni?

Hina ya majani, juu ya ngozi nzima isiyo na mpasuko, sina ugomvi nayo. Piko hapana. Ile ni dawa ya kutia nywele weusi, ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kutoa malengelenge, nawe hutasikia yakianza.

Lakini kuna jambo wengi hatulifikirii. Wayo uliokolea hina huficha wekundu, na wekundu ni dalili ya mwanzo ya kidonda kuharibika. Kwa hiyo siku zote hina ikiwepo, tumia mgongo wa kiganja: gusa mguu huu, gusa na ule. Mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenziwe, usingoje rangi ikuambie.

Natawadha mara tano kwa siku na nina bendeji. Nifanyeje? Na magaga ya kisigino naweza kuyachonga kwa wembe?

Kuhusu bendeji, dini imemwekea nafasi mgonjwa. Kwetu Mashafi kuna hukumu ya kupangusa juu ya bendeji na kutayamamu, sheikh wa msikiti wako atakufundisha namna yake. Kwa mguu mzima, kausha katikati ya vidole kila baada ya udhu, kwa sababu unyevu huleta fangasi na ngozi hupasuka. Adhuhuri, baraza ya msikiti ikiwa imepata jua, vaa soksi.

Wembe usiushike. Paka mafuta ya kulainisha kisiginoni kila usiku, usipake katikati ya vidole. Sugu nene wakupunguzie kliniki.

Baba yetu, Chake Chake, alikanyaga msumari Jumapili. Tundu limejifunga. Tangu jana mguu umevimba, una moto, na sukari iliyokuwa 8 sasa ni 19. Hana maumivu. Tunampaka mafuta ya karafuu. Tungoje kliniki Alhamisi?

Hili nililijibu kwa simu siku ileile, naliweka hapa kwa ajili ya wengine. Msingoje hata kesho. Tundu la msumari hufunga juu huku chini kunaoza, na sukari kupanda ghafla ni mwili unapigana na kitu. Uvimbe, joto, usaha, harufu, weusi, homa: mojawapo tu linatosha kumpeleka hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Mafuta ya karafuu, jivu na mafuta ya taa visikaribie kidonda. Karafuu tunaiheshimu Pemba nzima, ila mafuta yake huchoma nyama iliyo wazi. Asiukanyage mguu ule, abebwe, na daftari la kliniki na dawa zake zote ziende naye.

Walimbeba jioni hiyo. Tundu lilipofunguliwa, usaha ulijaa kikombe. Kidole kimoja kimeondoka, mguu umebaki, na juzi mwanawe ameniambia mzee anauliza ni lini ataruhusiwa kurudi kwenye mikarafuu yake.