Theluji ya nini, na ziwa lipo?

Juzi kijana wa bendi yetu alinijia na mashairi ya theluji. Theluji! Mtoto wa Igoma, hapa Mwanza, hajaiona hata ile ya Kilimanjaro. Sikumcheka, maana na mimi niliwahi kuandika wimbo mzima wa treni za chini ya ardhi. Tukaupiga baa moja ya Kirumba. Watu waliendelea kuchambua samaki wao.

Nilimwambia asikilize "Smoke on the Water" ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, kisha aulize ulitoka wapi. Desemba 1971 jamaa walikwenda Montreux, Uswisi, kurekodi albamu kwenye kasino iliyo kando ya ziwa. Tarehe 4, mwanamuziki Frank Zappa akiwa jukwaani humo, mtu akafyatua fataki, jengo likashika moto, likateketea. Wao wakabaki hotelini wakitazama moshi ukitanda juu ya maji. Siku chache baadaye mpiga besi, Roger Glover, akaamka na jina la wimbo mdomoni: moshi juu ya maji. Mwimbaji, Ian Gillan, akaandika maneno kama anayemsimulia jirani: tulikuja, pakaungua, tukahangaika kutafuta pa kurekodia. Zappa mwenyewe katajwa humo. Na kuhangaika walihangaika kweli: walikohamia kwanza majirani walilalamikia kelele, polisi wakaja, wakaishia kwenye hoteli tupu yenye baridi kali. Mafumbo hamna. Ni habari ya mambo yaliyowakuta, na gitaa la Ritchie Blackmore juu yake.

Ziwa letu, Victoria, ni kubwa kuliko lao zaidi ya mara mia. Moshi tunao pia: kuna asubuhi wale wadudu wa ziwani wanainuka kwa wingi, ukiwa mbali unaapa kuna mtumbwi unaungua. Nani kauimba?

Ila ukiona kitu, kinase hapohapo kwenye simu, kwa sauti, hata kama watu wanakushangaa. Usiku mmoja wa giza nilikuwa Igombe, taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kule majini kama mtaa. Mama mmoja muanika dagaa akazisemea neno tamu sana. Nikajiambia nitaliandika nikifika nyumbani. Nilifika na harufu ya dagaa tu.

Kijana nimempa miadi: Jumamosi alfajiri, soko la samaki la Mwaloni, gitaa aliache nyumbani. Akitaka baridi, barafu ya sangara ipo.