Panya wawili, chakula kimoja, mmoja ananenepa: jibu langu kuhusu vipokezi vya seli

Mkuu umeuliza mambo mawili, kama kweli watu wawili wanaweza kula sawa mmoja akatuna mwingine wala, ama hizi habari za vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea ujumbe kama wa homoni, ni visingizio tu vya wanene, halafu ukauliza kama vidonge vya leptini, homoni ya kuzuia njaa, vinasaidia. Mi sio daktari, nimekaa miaka kadhaa nikitunza panya wa maabara, kulisha, kusafisha keji, kupima uzito, basi nakujibu kwa niliyoyashika kwa mkono.

Chakula cha kuwanenepesha tulichokuwa tunatumia kina rangi ya bluu, asilimia 60 ya nguvu yake inatoka kwenye mafuta. Ni laini, kinameguka kwenye vidole kinakuachia grisi, usipokiweka kwenye ubaridi kinaharibika. Cha mafuta kidogo ni cha njano, kigumu. Panya wa kawaida mpe cha bluu wiki kadhaa tu, manyoya yenyewe yanaonekana kama kapakwa mafuta.

Sasa kulikuwa na kundi limeondolewa kipokezi cha CB1, kilekile ambacho bangi inakishika kwenye ubongo. Chakula cha bluu kilekile, na hawanenepi kama wenzao. Mara ya kwanza nikajua nimechanganya keji nikapima upya wote, bado. Nikasema labda wanamwaga, nikaanza kuchambua makombo kwenye maranda na kuyapima, kazi ya kipuuzi lakini niliifanya, nikakuta wanakula pungufu kidogo mwanzoni ila huo upungufu hautoshi kueleza tofauti yote ya uzito. Kumbe CB1 ipo mpaka kwenye seli za mafuta na ini, sio hamu ya kula tu.

Kipokezi kifikirie kama mwenyeji ndani ya nyumba, homoni ndo inapiga hodi. Leptini inatoka kwenye mafuta ya mwili inaenda kuuambia ubongo akiba ipo, acha kula. Zamani kabla haijajulikana, Douglas Coleman kule Maine, Marekani, aliunganisha mzunguko wa damu wa panya mnene wa aina ya db na panya wa kawaida, yule wa kawaida akaacha kula mpaka akafa njaa! Kwa sababu yule mnene alikuwa na homoni kibao, kipokezi ndo hakifanyi kazi. Homoni yenyewe ilikuja kupatikana 1994 na timu ya Jeffrey Friedman, watu wakashangilia dawa imepatikana, kumbe wanene wengi leptini wanayo tele, hodi inapigwa kutwa na mwenyeji haitikii tena. Hapo ndo chakula kinapoingia, maana panya wa bluu kipokezi chake kizima kabisa kwenye jeni, ni kule kula mafuta na kunenepa ndo kunakifanya kiwe kiziwi. Ukimrudisha kwenye njano uzito unashuka. Kwa hiyo sio visingizio, ila diet nayo haijafutwa.

Na uzito sio afya yote. Zipo dawa za kisukari zinazoamsha kipokezi cha PPAR-gama, sukari inashuka huku mtu anaongezeka kilo, kwa sababu mafuta yanahifadhiwa kwenye seli za mafuta badala ya kurundikana kwenye ini.

Usidhani basi tuzibe CB1 kwa watu yaishe. Walijaribu, dawa ya kukiziba iitwayo rimonabant iliruhusiwa Ulaya 2006, watu wakapungua kweli, ila sonona na mawazo ya kujiua vikaifanya iondolewe 2008, si kipokezi kimetapakaa ubongo mzima. Hizi dawa za sasa za kupunguza uzito kina semaglutide zinagusa kipokezi kingine, cha homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ndo maana habari yake ni tofauti. Halafu kuna cha kuchekesha, dawa nyingine, tirzepatide, inaamsha pia kipokezi cha GIP, homoni nyingine ya utumbo, na watu wanapungua, wakati panya wasio na kipokezi hichohicho nao hawanenepi kirahisi, wataalamu wenyewe bado wanabishana.

Vidonge vya leptini achana navyo. Leptini ni protini, ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama chakula kingine, inayotumika hospitali ni ya sindano tena kwa wachache ambao miili yao haiitengenezi kabisa au inatengeneza kidogo mno. Na hata ungejidunga, we si unayo tayari.