Kabla hujaandika dosie ya mto: kwa vijana wanaoanza kazi ya umeme wa maji Bukavu

Wadogo zangu mliomaliza masomo na sasa mnapanda milima ya Walungu, Kabare na Kalehe, hapa Kivu Kusini nchini Kongo, mkitafuta maporomoko, dosie yangu ya kwanza, yaani faili la kuombea kibali na mkopo wa mtambo, ilikuwa na kosa moja tu: niliupima mto mwezi wa Aprili.

Mvua ilikuwa imejaa. Nilipata lita 300 kwa sekunde, na maji yalikuwa yanashuka mita 40. Ukizidisha lita kwa mita na kwa 9.8 ya mvutano wa dunia, kama tulivyofundishwa, na kukadiria kwamba asilimia 70 ya nguvu hiyo ndiyo itakayotoka kama umeme, unapata kilowati 82. Nikakaa na wazee wa kijiji, nikawaambia kinu cha mihogo kitasaga, zahanati itakuwa na friji ya chanjo. Julai nikarudi. Mto ulikuwa lita 110. Hizo ni kilowati 30. Ilinibidi nirudi kwa wazee walewale, niketi kwenye benchi lilelile, na kuwaambia kwamba kinu na friji haviwezi kwenda pamoja wakati wa kiangazi. Uso wa mzee mmoja siku ile sijausahau.

Kwa hiyo pima kiangazi, Juni hadi Agosti, na ukiweza pima mwaka mzima. Weka ukuta mdogo wa mbao wenye mkato mtoni, chora mbao nyingine kwa sentimita, mtafute mtu wa hapohapo asome kila asubuhi na aandike kwenye daftari. Mlipe. Hata ofisi zikifungwa kwa sababu ya vita, daftari liendelee. Msidanganyike na Ruzizi, mto unaotoka Ziwa Kivu. Mtambo wa Ruzizi I, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, uliokamilika mwaka 1989 na unaotumiwa pamoja na Rwanda na Burundi, nyuma yao kuna Ziwa Kivu zima linalosawazisha maji. Kijito chako cha mlimani hakina ziwa nyuma yake.

Karibu umeme wote wa nchi yetu unatokana na maji, na kwa sababu hiyo vijana wengi hudhani dosie ya mto inapita yenyewe: maji ni safi, serikali inayajua, basi. Sivyo. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, iliyorekebishwa mwaka 2018, ilifungua mlango ili watu binafsi na vyama wazalishe na kuuza umeme, kazi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya SNEL, shirika la umeme la serikali. Lakini mlango huo una ngazi. Mto ni wa umma. Sheria ya maji ya mwaka 2015 inasema nani anaruhusiwa kuutumia na kwa masharti gani. Mamlaka ya ARE inasimamia sekta ya umeme na bei. Wakala wa ANSER upo kwa ajili ya umeme wa vijiji na wa pembezoni mwa miji. Wakala wa ACE unaangalia utafiti wa mazingira. Kila moja itauliza swali lake, na kila swali linarudi kwenye daftari lile la vipimo vya mto.

Nafuu za ushuru kwa vifaa vya umeme zipo, ila huwekwa kwa amri za serikali zenye muda wake. Soma amri inayotumika siku unayoagiza turbini, yaani gurudumu linalozungushwa na maji, na uombe nafuu hiyo kabla mzigo haujafika mpakani. Ukishafika, kila siku ya kusubiri inalipiwa.

Sasa jambo ambalo chuoni halikutajwa hata mara moja. Duniani hakuna kipimo kimoja cha kusema maji haya ni nishati jadidifu, yaani isiyokwisha, na yale siyo. India, hadi Machi 2019, mitambo ya maji iliyozidi megawati 25 haikuhesabiwa humo. Ndipo serikali yake ikaamua kuiingiza hata mikubwa. Mfumo wa hati za kaboni wa Itifaki ya Kyoto, uliotuza miradi inayopunguza gesi zinazopasha dunia joto, ulipima kwa namna nyingine: chukua wati za mtambo, gawanya kwa mita za mraba za bwawa jipya. Chini ya 4, haukubaliki. Juu ya 10, gesi ya bwawa inahesabiwa kuwa sifuri. Sababu yake ni ya kweli kabisa: mimea iliyofunikwa na maji ya nchi zenye joto huoza bila hewa na kutoa methani, mojawapo ya gesi hizo. Kwa mtambo wangu wa kilowati 82, kidimbwi cha mita za mraba 2,000 kingetoa wati 41 kwa kila mita ya mraba, salama. Lakini mwenzangu alitaka tuchimbe bwawa la mita za mraba 30,000 ili kuokoa kiangazi. Hapo tungeshuka hadi 2.7, na mashamba ya bondeni yangezama. Nilikataa, na leo ningekataa tena.

Kabla ya yote hayo, tembea kwa miguu kutoka pale mfereji unapoyachota maji hadi pale turbini itakapoyarudisha mtoni. Kipande hicho ndicho kitakachokauka. Mimi nilikuwa nimekichora kwenye ramani kama mstari tu. Nilipokitembea nilikuta wanawake wanaloweka mihogo, na chini kidogo vijana wanaofyatua matofali. Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, maji ukiyatia yote kwenye bomba, mihogo yangu nitailoweka wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo huandika kwanza maji yatakayobaki mtoni, halafu ndipo nihesabu kilowati za kilichosalia. Namba inapungua, na mkopeshaji hukunja uso, lakini mtambo usioibia watu maji hawaendi kuufunga kwa mawe usiku.

Panda juu pia, zaidi ya chanzo cha mfereji. Mlima uliokatwa miti kwa ajili ya makaa utakuletea tope kila mvua ikinyesha, na mchanga ule unakula turbini. Bukavu tunaona jambo hilohilo kwa sura nyingine: chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa kwenye mifereji ya mitaa yetu huelea ziwani hadi kwenye vyuma vya kuzuia taka vya Ruzizi I, wafanyakazi wanaitoa kwa mikono, na mtaa unabaki gizani. Weka gharama ya miche na ya mtu wa kusafisha vyuma ndani ya bajeti tangu mwanzo, maana hakuna atakayekupa fedha hizo baadaye.

Julai ikifika, usimwachie msomaji wako daftari peke yake. Nenda mwenyewe angalau mara moja, alfajiri, kabla akina mama hawajashuka na mihogo, uisome ile mbao kwa macho yako.