Usitupe mayai yaliyochelewa: namna ya kuzalisha na kuhifadhi samaki wa madimbwi wa Unguja

Nothobranchius guentheri ni samaki wa sentimita 5 hivi. Dume ana magamba ya buluu iliyoingia kijani, kila gamba na pindo lake jekundu, na mkia mwekundu wenye ukingo mweusi. Jike ni kijivu tupu. Mjerumani Georg Pfeffer ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1893, kwa samaki waliotoka Zanzibar. Porini anajulikana Unguja tu, kwenye madimbwi, mitaro na mabonde yanayojaa maji ya mvua na kukauka kiangazi kikikaza. Dimbwi likikauka wazazi wote hufa, na kinachobaki ni mayai ndani ya tope yakisubiri mvua.

Ukiwa na dume na jike wenye afya, mayai utayapata wiki hiyo hiyo. Hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba wanahifadhi. Kuzalisha guentheri hakumshindi mtu makini. Kinachoshinda watu ni kuhakikisha kwamba baada ya miaka 5 samaki ulio nao bado ni yule wa dimbwi alikotoka, na si mfano wake uliochuja.

Kwa hiyo kabla ya tangi, uliza asili. Guentheri wamefugwa Ulaya na Marekani kwa miongo mingi, na wengi wanaouzwa madukani hawana rekodi yoyote ya mahali. Wako hata wa rangi ya dhahabu, walioteuliwa na wafugaji. Ni samaki wazuri wa kujifunzia, lakini kwa hifadhi hawana kazi. Unachotafuta ni samaki au mayai yenye jina la mahali yalikokusanywa na mwaka, kwa kawaida kwa alama kama TAN (yaani Tanzania) ikifuatiwa na mwaka na namba ya dimbwi. Usichanganye samaki wa madimbwi mawili hata kama unawaona sawa. Na usiweke majike wa spishi mbili chumba kimoja bila lebo: jike wa guentheri na jike wa korthausae, spishi ya jamii hiyo hiyo ya kisiwa cha Mafia, wakishachanganyika kwenye ndoo, jicho la mtu halitawatenganisha. Ukitaka kuchukua samaki porini mwenyewe, kibali cha mamlaka ya uvuvi kitangulie.

Tangi

Lita 20 zinatosha dume 1 na majike 3. Chujio la sponji linalotoa mapovu taratibu, mfuniko usio na mwanya (wanaruka), na kivuli cha majani kidogo ili jike apate pa kukimbilia. Maji ya nyuzijoto 23 hadi 26 ni mazuri. Kaskazi ikipiga na chumba kufika 30, samaki wataishi ila watazeeka upesi, kwa hiyo tangi likae chini sakafuni, ukuta usiopigwa na jua. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo siku 2 klorini itoke.

Weka chumvi ya mawe isiyo na madini ya joto, gramu 1 kwa lita, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kila lita 5. Hawa samaki hushambuliwa mno na ugonjwa wa vumbi la dhahabu, kimelea kinachoganda kwenye ngozi na matamvua. Mmulike samaki ubavuni kwa tochi gizani: ukiona kama amenyunyiziwa unga wa manjano, umechelewa kidogo. Panda hadi gramu 3 kwa lita, funika tangi lisipate mwanga, na badilisha theluthi moja ya maji kila baada ya siku 2.

Chakula kiwe hai au kilichogandishwa. Viluwiluwi vya mbu ni bora kuliko chochote cha dukani, ila ndoo ya kuvikuzia ifunikwe kwa kitambaa cha chandarua na ivunwe kila baada ya siku 2, usije ukawafugia majirani malaria. Usichote bwawani ovyo, maana utaleta watoto wa kerengende, na mmoja tu hufagia vifaranga wa tangi zima.

Kopo la kutagia

Chukua kopo la aiskrimu la lita 1, toboa mfuniko tundu la sentimita 5, weka changarawe chache chini ili lisielee, kisha jaza unga wa makumbi ya nazi kina cha sentimita 3. Wazungu hutumia mboji ya kinamasi. Huku kwetu makumbi yapo tele, na ukiyatayarisha vyema hayana kasoro. Tahadhari ni moja: makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa pwani miezi mingi, na yamejaa chumvi na uozo. Tafuta makumbi makavu ya shambani, yapondeponde, chekecha unga, chemsha nusu saa, mwaga maji ya rangi ya chai, chemsha tena, suuza hadi maji yatoke karibu meupe.

Kaa utazame wanavyotaga. Dume humfuata jike hadi ndani ya kopo, humlalia ubavuni na kumkunjia pezi la mgongoni juu yake kama mtu anayemfunika mwenziwe kwa kanga. Miili yote miwili hujipinda, hutetemeka, halafu mtikisiko mmoja wa ghafla: yai moja, la milimita 1 hivi, limeshasukumwa ndani ya makumbi. Hurudia hivyo mchana kutwa. Jike aliyekonda tumbo na mapezi yaliyochanika amechoka. Mtoe apumzike wiki nzima na chakula kingi.

Kukausha

Toa kopo kila baada ya siku 7 hadi 14. Mwaga makumbi kwenye wavu mwembamba, kamua kwa kiganja taratibu (ganda la yai ni gumu, halipasuki kirahisi), tandaza juu ya gazeti kivulini. Kiasi cha unyevu ndicho kinachowashinda wanaoanza. Ukibinya makumbi yasitoe tone, na ukifumbua mkono yaachane polepole, kama tumbaku ya kutafunia uraibu. Yakiwa maji mno, mayai hukosa hewa na kugeuka meupe yenye ukungu. Yakiwa makavu mno, yai hubonyea upande mmoja kama mpira uliotoka upepo. Lililobonyea kidogo likipata matone machache ya maji huweza kujaa tena, lililokunjamana limekwisha.

Yafungie kwenye kopo dogo la plastiki lenye mfuniko, ulifungue dakika moja kila wiki 2 kubadilisha hewa. Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani, kwa kuwa wino hufutika: jina la samaki, mahali na alama yake, tarehe kopo lilipoingia tangini na lilipotoka, idadi ya madume na majike, na ni kizazi cha ngapi. Kopo lisilo na lebo litupe, hata kama lina mayai 200. Inauma, lakini kosa moja la asili haliwezi kurekebishwa baadaye.

Kwa nyuzijoto 24 au 25, mayai mengi huwa tayari kati ya miezi 2 na nusu na miezi 4. Usitegemee kalenda peke yake. Chota mayai machache, yatazame kwa lenzi ya mkono penye mwanga: kifaranga aliye tayari amezunguka ganda zima na macho yake yana pete ya dhahabu inayong'aa. Macho meusi yasiyo na pete bado.

Usingizi wa yai

Yai la samaki huyu linaweza kusimamisha ukuaji wake mara tatu: mwanzoni kabla mwili haujaanza kujengeka, katikati moyo ukishaanza kazi, na mwisho kifaranga akiwa kamili ndani ya ganda. Mayai ya jike mmoja, ya siku moja, hayalali sawa. Mengine huruka usingizi na kuwa tayari mapema, hasa kwenye joto la nyuzi 28 na zaidi, na mengine hulala miezi. Porini hiyo ndiyo bima yao. Mvua ya kudanganya ikinyesha na dimbwi likakauka baada ya wiki moja, waliototoka wanakufa, waliolala wanabaki kwa ajili ya masika yenyewe.

Mfugaji anayelowesha makumbi mara moja, akachukua vifaranga wa kwanza na kutupa yaliyobaki, anawachagua wasiolala, kizazi baada ya kizazi, bila kujua. Wanaopotea ni wale hasa ambao dimbwi linawahitaji.

Kwa hiyo lowesha, kausha, lowesha tena. Mimina maji baridi, nyuzijoto 18 hadi 20 (changanya na ya friji), kina cha sentimita 2 hadi 3 tu. Wa kwanza huonekana baada ya saa chache. Wakigoma na una hakika wako tayari, puliza pumzi yako majini kwa mrija kwa dakika kadhaa. Oksijeni ikishuka kifaranga husukumwa kuvunja ganda. Siku ya pili chota vifaranga kwa kijiko, chuja makumbi, yakaushe kama mwanzo, yafunge, andika tarehe mpya. Rudia baada ya wiki 3 au 4, na endelea mpaka mizunguko miwili mfululizo isitoe kitu. Kila kundi la wazazi wapya liwe na samaki wa mzunguko wa kwanza na wa mizunguko ya baadaye pia.

Utawaona wengine wakijiburuta chini kwa tumbo, wameshindwa kujaza kibofu cha hewa. Wakiwa wachache ni kawaida. Wakiwa nusu, ama umewahi kulowesha, ama umechelewa, ama maji yalikuwa ya kina mno. Wasikuzwe.

Vifaranga wanakula atemia, vijidudu vya jamii ya kamba wa maji ya chumvi, waliototolewa siku hiyo hiyo. Pwani huhitaji kununua chumvi: maji ya bahari sehemu 2 na maji yasiyo na chumvi sehemu 1, hewa ya nguvu, joto la nyuzi 27, na baada ya saa 24 chuja, suuza, lisha. Mara 3 kwa siku, na kila jioni nyonya mabaki kwa mpira mwembamba na kujazia maji mapya. Matumbo yao yawe na rangi ya chungwa muda wote. Wakifika wiki 3 au 4 madume huanza kupata rangi. Watenganishe kwa ukubwa, la sivyo wakubwa watawameza wadogo.

Hesabu ya wazazi

Hapa wengi huchoka kusoma, na hapa ndipo hifadhi nyingi zinapofia. Idadi ya wazazi wanaohesabika kweli kwenye urithi huipati kwa kuhesabu vichwa: zidisha idadi ya madume kwa majike, zidisha kwa 4, gawa kwa jumla yao wote. Dume 1 na majike 3 hutoa 3. Madume 5 na majike 15 hutoa 15. Madume 10 na majike 10 hutoa 20, ingawa jumla ya samaki ni ile ile 20. Kila kizazi, urithi mbalimbali hupungua kwa 1 gawa kwa mara mbili ya jibu hilo. Ukiwa na 3 unapoteza sehemu 1 kati ya 6. Ukiwa na 20 unapoteza 1 kati ya 40. Baada ya vizazi 6 yule wa kwanza amebaki na theluthi moja tu ya alichoanza nacho, wa pili bado ana asilimia 86.

Hesabu hiyo hudhani kila dume anapata nafasi sawa. Kwenye tangi kubwa dume mbabe huwazuia wenzake, kwa hiyo ni afadhali tangi 10 ndogo, madume wakizungushwa kila wiki, kuliko moja la lita 200. Na usichague dume kwa uzuri. Funga macho, chota.

Njia rahisi ya kuokoa urithi ni kupunguza kasi. Hakuna anayekulazimisha vizazi 3 kwa mwaka. Makopo ya mayai yakikaa kwenye nyuzi 18 hadi 20 mengi huvuka mwaka, na wewe unakuza kizazi kimoja tu. Gawana makopo na wafugaji wengine wawili au watatu, kila mmoja na nakala ya rekodi zote. Umeme ukikatika wiki nzima kwa mmoja, samaki hawajaisha.

Usirudishe samaki dimbwini kwa uamuzi wako, wala usiwapeleke dimbwi jipya. Ugonjwa wa tangini huenda nao. Na kama kuna mtu kijijini anataka "kulisaidia" dimbwi kwa kulichimba lishike maji mwaka mzima, mzuie kwa adabu. Maji yakidumu, samaki wengine wakubwa huhamia na kuwala, na mayai hayapati kiangazi cha kukulia. Vivyo hivyo kwa anayetaka kupandikiza perege humo. Dimbwi hili linahitaji kukauka, na lisijazwe kifusi wakati linapoonekana kavu.